Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo nimeifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila mara wanafunzi waliifafanua kwa kuanzia kwenye mali: jinsi inavyopatikana kwa jasho na jinsi inavyoponyoka. Walikuwa sahihi. Lakini methali hiyo ina upande wa pili ambao huulizwa mara chache. Daftari halijiandiki. Lazima awepo mtu anayejua kuliandika, na mtu huyo lazima awe amefundishwa mahali fulani. Je, mtu aliye mbali na chuo, mwenye genge la kuhudumia au watoto wa kulea, hujifunza wapi kazi hiyo?

Swali hili limekuwa likinirudia tangu vijana wa hapa Tegeta walipoanza kuniambia kwamba wanasoma utunzaji wa hesabu kwenye simu. Wazee wenzangu wengine hucheka. Huuliza tangu lini mtu akasomea uhasibu akiwa amelala kitandani. Mimi huwajibu kwamba jambo hili si geni kama wanavyodhani. Njia ndiyo mpya. Lakini kusoma hesabu kwa mwalimu usiyemwona kulianza zamani katika nchi yetu, na historia yake yafaa ikumbukwe, kwa sababu imebeba mafunzo ambayo simu haiwezi kuyafuta.

Tuanze na maneno yenyewe, maana lugha hutunza kumbukumbu hata pale watu wanaposahau. Daftari, hesabu, deni, faida, hasara, dhamana na rasilimali ni maneno yaliyotufikia kwa Kiarabu. Hilo la mwisho maana yake ya asili ni kichwa cha mali. Hundi na cheti yametoka Bara Hindi. Leja na vocha ni ya Mwingereza. Ukiyapanga maneno hayo kwa mfuatano huo, unaona kama ramani ya waliopita katika pwani yetu wakishika kalamu ya biashara, mmoja baada ya mwingine.

Katika karne ya 19, forodha ya Zanzibar ilikodishwa na Sultani kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na wafanyabiashara wa Kihindi waliandika vitabu vyao kwa Kigujarati. Hesabu zao zilikuwa nzuri, lakini elimu ya kuziandika ilikaa ndani ya ukoo. Mtoto aliketi kando ya baba yake dukani, akanakili, akasahihishwa, mpaka naye akaaminiwa kufungua kitabu mwenyewe. Elimu hiyo ilirithiwa kama mali yenyewe. Mwafrika aliyebeba pembe, aliyeuza karafuu au aliyekopa vitambaa dukani aliona jina lake likiandikwa kitabuni, lakini hakuweza kulisoma. Deni lake lilikuwa ni lile ambalo mwenye kitabu alisema ni deni.

Huko Ulaya nako siri hiyo ilikuwa ya wafanyabiashara mpaka mwaka 1494, wakati mtawa wa Kifransisko aitwaye Luca Pacioli alipochapisha mjini Venice kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaeleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu zao. Kanuni yenyewe ni nyepesi kuitamka. Kila kiasi huandikwa mara mbili: mara moja pale kilipotoka, na mara moja pale kilipokwenda. Nikitoa shilingi elfu kumi kununua sukari ya duka, fedha taslimu imepungua kwa elfu kumi na bidhaa imeongezeka kwa elfu kumi. Ukijumlisha pande zote mbili mwisho wa mwezi, lazima zilingane. Kulingana huko ndiko tunakokuita urari. Pacioli hakuibuni kanuni hiyo, ila alifanya kazi ambayo sisi walimu tunaiheshimu: aliitoa mikononi mwa wachache akaiweka mahali ambapo yeyote ajuaye kusoma angeweza kuifikia.

Kitabu peke yake hata hivyo hakitoshi, maana hakimwambii msomaji kwamba amekosea. Hatua ya pili ililetwa na posta. Mwaka 1840, Uingereza ilipoanzisha stempu ya bei nafuu, Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato kwa kadi za posta: mwanafunzi alituma zoezi lake, naye akalirudisha likiwa limesahihishwa. Baadaye vikazuka vyuo vizima vya namna hiyo, kama Wolsey Hall cha Oxford mwaka 1894 na Rapid Results College mwaka 1928. Majina hayo yalijulikana sana miongoni mwa walimu na makarani wa Afrika Mashariki. Mtu aliyekuwa karani wa stesheni huko bara aliweza kujiandaa kwa mtihani wa utunzaji wa vitabu wa London akiwa palepale alipo, bila kupanda meli.

Nilipokuwa chuo cha ualimu mwishoni mwa miaka ya 1960, bahasha hizo tuliziona kwa macho yetu. Wakufunzi wetu wengine walikuwa wakizisoma usiku kwa mwanga wa chemli, na sisi tukaiga. Mimi nilichukua somo la hesabu za biashara nilipopangiwa shule yangu ya kwanza. Somo lilikuja likiwa na maelezo, mifano na maswali. Nilijibu kwa wino, nikapeleka bahasha posta, kisha nikasubiri. Masika yakikata barabara, nilisubiri miezi miwili. Karatasi iliporudi ilikuwa na alama nyekundu pembeni na sentensi fupi ya mtu nisiyemjua: andika tarehe, onyesha stakabadhi ilipo, rudia jumla ya ukurasa wa pili. Sikuwahi kumwona mtu yule. Lakini nakiri kwamba ni yeye aliyenifanya niheshimu mstari uliopigwa kwa rula.

Kasoro kubwa ya masomo yale ilikuwa kwamba yaliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Duka la kwenye mifano lilikuwa la Mwingereza, lenye paundi, shilingi na peni, lenye kulipia makaa ya mawe na pango la ghala. Kumbe wakati huohuo nchi yetu ilikuwa ikiililia elimu hiyo kwa sababu zake yenyewe.

Ushirika ndio ulioonyesha pengo hilo waziwazi. Vyama vya wakulima vilikuwa vimeanza mapema. KNCU ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1933, na wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunda shirikisho lao kubwa katika miaka ya 1950. Baada ya Uhuru vyama viliongezeka haraka kuliko watu wenye uwezo wa kuvitunzia hesabu. Mkulima alipima pamba yake, akapewa kipande cha karatasi, na baada ya hapo hakujua kilichoendelea. Malalamiko yalizidi mpaka Rais akaunda kamati maalumu, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1966. Miongoni mwa mambo iliyoyataja ni upungufu wa watumishi wenye ujuzi, na wanachama kutokuelewa mambo ya chama chao. Naomba msomaji ayaangalie mambo hayo mawili kwa pamoja. Mwandishi wa kitabu asiyejua kuandika na mwenye mali asiyejua kusoma hukutana katikati, na hapo katikati ndipo fedha inapopotelea.

Dawa ilikuwa imekwisha anza kutafutwa. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikaanzishiwa Kituo cha Elimu ya Ushirika. Kituo hicho kilielewa kwamba katibu wa chama cha msingi hawezi kuacha mizani msimu wa mavuno aende akakae bwenini. Basi masomo yakamfuata, kwa posta, kwa vikundi vya kusoma na kwa redio. Na hapa ndipo penye tofauti ninayoipenda: masomo hayo yalikuwa kwa Kiswahili, na mifano yake ilikuwa ya kahawa, pamba na duka la ushirika. Wanachama walikaa pamoja chini ya mti au darasani jioni, mmoja akisoma kwa sauti, wengine wakijadili, kisha majibu ya kikundi yakapelekwa Moshi. Chuo kile sasa ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, tangu mwaka 2014.

Njia hiyo ilishika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ikawa na masomo yake kwa njia ya posta, na kampeni za redio kama ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 zikakusanya mamilioni ya watu katika vikundi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, hata walimu wa kufundisha watoto wote wa nchi walipatikana kwa kufundishwa hukohuko vijijini kwa redio, posta na wakufunzi wa kuzunguka. Mwaka 1972 ilianzishwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo mitihani yake imewafanya wafanyakazi wengi wajisomee usiku baada ya kazi. Kisha Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 ikaunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho Makamu wake wa kwanza wa Mkuu wa Chuo alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Hapo ndipo ilipokubalika kisheria kwamba mtu anaweza kupata shahada, ikiwemo ya biashara, bila kuacha nyumba yake.

Walimu tulihusika na jambo hili zaidi ya watu wanavyojua. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilivipa vijiji mamlaka yake, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Ghafla kijiji kikawa na duka, shamba, pengine na mashine ya kusaga, na daftari likatafuta mtu. Mara nyingi aliyeitwa alikuwa mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kalamu. Miaka mingi baadaye, mpango wa MMEM ulipoanza mwaka 2002 na ada ya shule za msingi ilipokwisha kufutwa, walimu wakuu tulijikuta tena mezani na vitabu vya fedha. Mpango uliweka shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mapato na matumizi yalitakiwa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ili mzazi yeyote asome. Nilifurahi kuona mzazi akisimama mbele ya ubao ule, kidole kikifuata tarakimu. Serikali nayo ilipoanza kutumia mfumo wa kompyuta wa FFARS katika shule na zahanati mwaka 2017, mimi nilikuwa nimekwisha staafu, lakini nilijua kilichokuwa kikifanyika: ni daftari lilelile limebadili mavazi.

Sasa nifike kwenye simu. Mkongo wa SEACOM uliopita baharini ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti ilikuwa ya watu wa maofisini na wa vibanda vya kulipia kwa dakika. Ulimwenguni, Open University ya Uingereza ilikuwa imefungua masomo ya bure ya OpenLearn mwaka 2006, Alison ya Ireland ikaanza mwaka 2007, na Coursera ya Marekani mwaka 2012. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga shule na vyuo kuanzia mwezi Machi, hata waliokuwa wakilidharau jambo hili walilazimika kuliangalia upya.

Hapa Tegeta haja ya elimu hiyo inaonekana ukishuka tu kwenye daladala. Zamani eneo hili lilijulikana kwa kiwanda cha saruji cha Wazo, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, na mashamba ya watu waliokaa mjini. Siku hizi barabara ya Bagamoyo imepangwa fremu kila upande: vifaa vya ujenzi, dawa, saluni, wakala wa fedha za simu, samaki wa kugandisha. Kila wakala ana daftari lenye mistari, na jioni lazima floti na fedha taslimu zilingane. Na nyuma ya fremu kuna vikoba. Watu ishirini na tano au thelathini hununua hisa kila wiki, hukopeshana, huchangiana kwenye msiba. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivyo vinatakiwa kusajiliwa, na pamoja na usajili huja wajibu wa kuweka kumbukumbu.

Nitasimulia tukio moja la kikundi cha jirani, bila kutaja jina la mtu. Katibu wao ni binti anayeuza nguo za mitumba. Alikuwa amesoma kozi ya utunzaji wa hesabu kwenye simu kwa miezi minne, usiku baada ya watoto kulala, akinunua bando kidogokidogo. Kozi ilikuwa ya Kiingereza, na duka la kwenye mifano lilikuwa la nchi ya baridi, lenye kodi na mikopo ya benki isiyofanana na yetu. Alikuwa akija barazani kwangu Jumapili na daftari la mazoezi, nami nikilipitia kwa kalamu nyekundu. Sikumfundisha hesabu mpya. Nilimuuliza tu kila mara, je, hapa kwenye kikoba chenu hiki ndicho kitu gani?

Mwaka ulipokaribia kuisha na wanachama wakijiandaa kugawana, sanduku lilikutwa na upungufu wa shilingi 270,000 kuliko kitabu cha fedha. Macho yote yakamgeukia mweka hazina, mama mjane mwenye friji moja ambayo ndiyo biashara yake ya barafu. Maneno yakaanza. Wengine wakasema auze friji alipe, mambo yaishe kimyakimya. Katibu aliomba siku tatu. Kozi ilikuwa imemfundisha jambo ambalo makarani wa zamani walilijua vizuri: tofauti ikigawanyika kwa tisa bila baki, yawezekana mtu amepindua tarakimu. Laki mbili na elfu sabini gawa kwa tisa ni elfu thelathini kamili. Basi hakutafuta mwizi; alitafuta namba iliyopinduka.

Aliipata kwa sababu alikuwa amekwisha anza kuandika kila kiasi mara mbili. Ukurasa wa fedha ulionyesha mkopo wa shilingi 360,000 uliotoka mwezi wa nne. Ukurasa wa mkopaji mwenyewe, wenye sahihi yake, ulisema 630,000. Sita na tatu zilikuwa zimebadilishana viti siku ambayo kikao kilikwisha giza likiingia. Mkopaji aliitwa, akasema kweli ni laki sita na elfu thelathini, na tena alikuwa akiendelea kuzirejesha. Yule mama hakupoteza hata senti. Kama kikundi kingekuwa na ukurasa mmoja tu, wa fedha, hakuna ambacho kingemtetea.

Nimelieleza tukio hilo kwa kirefu kwa sababu watu wengi hudhani hesabu huwekwa ili kumkamata mwizi. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni kumlinda mwaminifu. Mtu asiye na hatia na asiye na maandishi husimama mbele ya watu sawa na mwenye hatia, na katika mitaa yetu ambako watu huishi kwa kuaminiana, jina likichafuka halifuliki. Friji hununuliwa tena. Jina haliuzwi dukani.

Je, basi tuseme simu imemaliza kazi? La hasha. Nikiitazama historia hii yote, naona kwamba waliofanikiwa kujifunza kwa mbali walikuwa na vitu vitatu: somo lililoandikwa vizuri, zoezi la kufanya kwa mkono wao wenyewe, na mtu wa kuwasahihisha. Simu imetupatia kile cha kwanza kwa wingi ambao mimi na chemli yangu hatukuuota. Cha pili ni rahisi kukikwepa, maana kutazama mtu akiandika leja si kuandika leja, kama ambavyo kutazama mpira si kucheza. Mashine yaweza kukuambia jibu ni sahihi au si sahihi, lakini haijui kikoba chako. Wapo vijana waliomaliza kozi tatu, wana vyeti kwenye simu, na hawajawahi kufunga hesabu za siku moja ya genge la mama yao.

Ile njia ya Moshi ya mwaka 1964 ilikuwa na jibu ambalo tumelisahau: kikundi. Somo lilitoka mbali, lakini kusoma kulifanyika pamoja, kwa Kiswahili, juu ya mali ya watu waliokaa palepale. Naona wanachama wa kikoba wangefaidi sana kama kozi ya katibu ingekuwa pia kozi yao, hata nusu saa kwa wiki, ili kila mmoja ajue kusoma ukurasa wake. Kwa kuwa daftari linalosomwa na mtu mmoja tu halina tofauti kubwa na lile la Kigujarati la enzi za babu zetu: laweza kuwa sahihi kabisa, na bado mwenye mali asijue alipo.

Katika mtaa wetu hawakosi wastaafu wa kazi za kalamu, walimu, makarani wa bandari na wahasibu wa mashirika yaliyokwisha kufungwa, ambao asubuhi hawana kazi isipokuwa gazeti na kahawa. Na wapo vijana wenye masomo mazuri ndani ya simu na hawana wa kuwashika mkono. Umbali kati ya makundi hayo mawili hauhitaji mkongo wa baharini wala stempu. Ni wa kuvuka uchochoro tu na kubisha hodi.